Kinyozi na Anyoe, Akili Aiachie Mwalimu

Pita kwa kinyozi yeyote mtaani Pipeline Jumapili asubuhi, uketi kwenye benchi ungoje zamu. Akipanda kiti mtoto mwenye paji pana, mashine hata haijawashwa, watu wamekwisha kumtabiria: huyu ni wa shule ya Alliance, huyu ni daktari. Anayemfuata, mwenye paji fupi, anaitwa nyani. Benchi zima linacheka. Mamake naye anacheka, kwa shingo upande.

Upuuzi mtupu, na sisi Wakenya ndio tungekuwa wa kwanza kuukataa. Mwaka wa 1934, F. W. Vint, daktari wa maabara ya serikali ya kikoloni hapa Nairobi, alichapisha vipimo vya bongo za Waafrika, akidai ni nyepesi kuliko za Wazungu na gamba lake ni jembamba. Mwaka wa 1951, J. C. Carothers, aliyekuwa amesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akamfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo. Hesabu ni ile ile ya benchi la kinyozi, ila hawa walikuwa na mizani.

Na huyo nyani tunayemfanya tusi? Paji lake limelala nyuma, karibu halipo. Lakini fungua fuvu. Sehemu ya mbele ya ubongo wake ina mifereji inayoonekana wazi: mmoja umelala kwa urefu, na nyuma yake mwingine umejipinda kama upinde. Kwenye ukingo wa mbele wa huo upinde ndipo macho yanapoelekezwa yatazame wapi. Usoni huoni lolote kati ya hayo.

Ushahidi mzito zaidi kwamba ukubwa si kila kitu umetoka kwetu, kisiwani Maboko, Ziwa Victoria. Fuvu la tumbili wa kale, Victoriapithecus, wa miaka milioni 15 iliyopita, lilipatikana huko, likatangazwa mwaka wa 1997. Picha za eksirei, zilizotangazwa 2015, zilionyesha ubongo wa sentimita za ujazo 36 hivi, karibu nusu ya ule wa tumbili wa leo mwenye mwili kama wake. Hata hivyo ulijaa mikunjo. Katika ukoo huo mikunjo ilitangulia, ukubwa ukaja baadaye.

Kama ukubwa ndio akili, ndovu mwenye ubongo wa karibu kilo 5 angekuwa Alliance zamani. Na hilo paji pana mara nyingi ni nywele tu zilizoanzia juu.