Baiskeli ya Idi na njia ya kupita

Idi iliyopita tulimnunulia mwanetu wa kiume, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, baiskeli ya mtumba katika zile zitokazo Japani. Tulipatana bei, fundi akabadili mnyororo na tairi la nyuma, kijana akaipiga kengele toka dukani hadi nyumbani, nasi tukajiona tumetimiza wajibu wa mzazi. Swali moja dogo hatukujiuliza: ataiendeshea wapi?

Wasomaji wetu wa Gerezani, Ilala, Magomeni na hapa kwetu Kariakoo wanaijua hali. Mtaa wa Kongo hauna nafasi ya kupitisha bega, sembuse usukani. Mtaa wa Msimbazi una mabasi, mikokoteni, maguta na watu, na kila mmoja anaamini kwamba njia ni yake. Kijana akaanza kuendesha ndani ya ukumbi wa nyumba, akagonga mlango wa mpangaji wa chumba cha pili, akaonywa. Akaomba basi aruhusiwe Jumapili baada ya sala ya Alfajiri, kabla mji haujachangamka. Tukamruhusu. Wiki ya tatu bodaboda ilimkwangua kwa nyuma akiwa kwenye njia ya pembeni ya barabara kubwa, naye akaangukia bega. Alhamdulillahi, hakuvunjika mfupa. Lakini mama watoto alikwisha kutoa hukumu kabla hata jeraha halijaoshwa: baiskeli ikatundikwa ukutani uani, na hakuna aliyethubutu kukata rufaa.

Likizo ya Desemba tuliwapeleka watoto Muheza kwa mjomba wao, na huko ndiko tulikofunguka macho. Mjomba huyo anakaa jirani na mashamba ya mkonge, na katikati ya mashamba hayo mna njia nyembamba zinazokwenda zimenyooka kama uzi, zimeinuka kidogo juu ya ardhi, hazina mlima wala bonde la kumtoa mtu jasho. Kijana wetu alizipanda asubuhi, akarudi adhuhuri miguu myekundu kwa vumbi. Siku nzima hakukutana na gari hata moja, ila trekta moja iliyobeba mkonge, ambayo dereva wake aliisimamisha ili mtoto apite. Tulipomuuliza mjomba ni nani aliyetengeneza njia nzuri namna hii, alicheka. “Hizo si njia, shemeji,” alisema. “Hayo ni matuta ya reli ndogo. Hapo zilikuwa zikipita toroli.”

Maneno hayo yalitukumbusha jambo ambalo sisi watu wa mjini tumelisahau. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na kwa hiyo sitini na mbili ndiyo mashamba yalianza huko Pangani. Katika miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikiuza mkonge nje kwa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Majani yale hayakubebwa kwa magari. Yalipakiwa kwenye toroli juu ya reli nyembamba, zikaenda nazo hadi kiwandani kwenye korona, mashine ya kusagia majani na kutoa nyuzi. Waliokata majani hayo waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja aliandikwa kwa namba. Wengi walitoka mbali kwa mikataba, na baadhi hawakurudi makwao, wakazikwa huko huko. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba mengi yakageuka pori, na reli zikang'olewa zikauzwa kwa kilo. Tuta ndilo lililobaki, kwa sababu halina mnunuzi.

Mwenye kupenda zaidi na atazame jirani hapo hapo. Kutoka Tengeni, karibu na Muheza, Wajerumani walijenga reli nyingine nyembamba hadi Sigi, chini ya milima ya Amani, kwa ajili ya kuteremsha mbao. Reli haipo, ila nyumba ya stesheni ya Sigi ingali imesimama, na leo hupokea wageni wa hifadhi ya msitu. Kusini nako kuna habari ya karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga hazikuota kama zilivyoota kwenye karatasi, mpango ukavunjwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Unguja ilikuwa na treni ya kwenda Bububu tangu mwaka 1905, iliyopita katikati ya mitaa ya mji kiasi cha watu kuigusa wakiwa barazani, na sasa njia ile imemezwa na barabara ya magari.

Wenzetu wa nchi nyingine wameyafanyia nini matuta ya namna hii? Hispania, tangu mwaka 1993, imekuwa ikizigeuza reli zilizokufa kuwa njia za baiskeli na waendao kwa miguu, na hadi sasa zimepita kilomita 3,000. Mojawapo inatuhusu kwa namna ya pekee. Inatoka Jaén na kuingia katika jimbo la Córdoba, mwendo wa kilomita 128, katikati ya mizeituni isiyo na mwisho. Zamani ilikuwa reli ya mafuta ya zeituni, na madaraja yake ya chuma ya karne ya 19 bado yanatumika. Miji hiyo ni ile ile Jayyan na Qurtuba ya vitabu vyetu vya historia ya Andalusi. Mtoto wa huko hupanda baiskeli mlangoni pa nyumba ya babu na kufika mji wa pili bila ya kukutana na lori. Uingereza nayo ina njia ya namna hiyo kati ya Bristol na Bath, iliyokamilika mwaka 1986, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na watu waliojitolea kwa majembe yao.

Atasema msomaji: hayo ni ya Muheza na Andalusi, sisi wa Kariakoo yatufae nini? Reli ya kati iliyoanza kujengwa hapa mjini mwaka 1905 bado inafanya kazi, wala hatumshauri mtu kumpeleka mtoto relini. Barabara za mwendokasi, zilizoanza kutumika mwaka 2016, zilijengwa pamoja na njia za baiskeli, na jiji letu likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri kwa mwaka 2018. Lakini kila mwenye macho anaona: njia hizo mahali pengi ni maegesho, ni meza za biashara, ni mchepuko wa bodaboda. Tumefundishwa kuwa njia ina haki yake, na kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi katika matawi ya imani. Basi na tukiri kwamba baadhi ya meza hizo ni zetu, na baadhi ya pikipiki hizo ni za vijana wetu tuliowadhamini wenyewe.

Ila lipo bonde la Msimbazi. Mto huu huanzia katika milima ya Pugu, kule kwenye machimbo ya zamani ya udongo mweupe wa kaolini ambayo mapango yake sasa ni makazi ya popo, ukateremka karibu na viwanda na machinjio ya Vingunguti, ukapita Jangwani mgongoni mwa Kariakoo, na kuingia baharini Salenda. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, nacho hakiko mbali na vijito vya bonde hilo. Kwa maneno mengine, historia nzima ya kazi za mikono ya mji huu imelala kando ya mto mmoja. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo: kupanua mkondo wa maji, kuinua daraja la Jangwani, kuhamisha karakana ya mabasi, na kutengeneza bustani kubwa ya mji pale palipokuwa na nyumba zilizokuwa zikizama kila masika. Familia zilizohama pale tunazifahamu, nyingine tulisali nazo safu moja. Zimeacha ardhi kwa machungu, na ni haki yao kuona imepata matumizi yenye heri.

Tunachoomba ni kidogo. Bustani hiyo inapochorwa, ichorwe na njia ya baiskeli isiyoingiliwa na chombo cha moto, yenye vizuizi vya nguzo mwanzoni na mwishoni ili pikipiki isipenye, na isiishie bustanini bali iendelee kupanda na mto kuelekea Pugu kadiri ardhi itakavyoruhusu. Wapo waendesha baiskeli wa jiji hili waliokwisha kuungana, UWABA, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakidai njia salama. Kamati za misikiti yetu na walimu wa madrasa hawajawahi, kwa kadiri tunavyokumbuka, kuketi nao hata mara moja, ilhali watoto wanaovuka barabara na juzuu kwapani ni wetu.

Kuna atakayeuliza habari ya binti. Tuna binti wa miaka tisa, naye kule Muheza hakukubali kubaki barazani. Shangazi yake, mke wa mjomba, alimvika suruali pana chini ya gauni, akamkunjia ushungi usije ukanaswa na mnyororo, akaishika keria na kukimbia nyuma yake hadi alipoiachia bila ya kumwambia. Mama watoto alishuhudia. Hakusema neno, ila tulimwona akijifuta macho kwa ncha ya kanga, na alipoulizwa akasingizia vumbi la mkonge.

Tumerudi Kariakoo. Baiskeli bado imetundikwa uani, na hukumu haijabatilishwa, ingawa mama watoto ameuliza mara mbili kazi ya Jangwani imefikia wapi. Juzi tulimkuta binti amepanda juu ya ndoo iliyofunikwa, anapima. Miguu yake inafika pedeli.