Hesabu ya Mikoko Isiishie Hotelini

Siku hizi kuna msamiati mpya maofisini: uhasibu wa mifumo ikolojia. Wataalamu wa nchi za Afrika wanakutanishwa, wanafundishwa siku kadhaa, wanapiga picha ya pamoja, wanarudi makwao. Msidhani nimekuja kuwakejeli. Hesabu yenyewe naiunga mkono.

Tazama, ndugu msomaji. Mkoko ukikatwa Rufiji ukauzwa boriti, fedha ile inaingia kwenye pato la taifa. Kamba wakivuliwa, sifa inakwenda kwa uvuvi; msitu uliowalea hautajwi. Yaani kwa daftari la zamani, mti unaanza kuwa na maana siku unapoanguka! Ndiyo maana mwaka 2012 nchi 10 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, ziliahidi huko Gaborone kuingiza mali ya asili katika hesabu na mipango yao. Machi 2021 Umoja wa Mataifa ukapitisha utaratibu: msitu una ukubwa gani, una afya gani, unatupa nini, na kina nani wanafaidi. Fedha huja baadaye. Desemba 2022, kule Montreal, nchi zikakubaliana thamani ya bayoanuai iongoze sera na mipango.

Safi kabisa. Ugomvi wangu ni lugha. Mafunzo haya mengi ni Kiingereza au Kifaransa. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikifanya Kiswahili lugha ya kazi. Kazi gani basi, kama si hii?

Eti Kiswahili hakina istilahi! Jamani! Muulize mtu wa pwani, atakutajia mkoko, mkandaa, msinzi, mchu, mlilana, mkomafi. Semina inaizoa yote kwa neno moja la kigeni. Nani hapo maskini wa maneno?

Tena si suala la ufasaha tu. Siku mvuvi wa delta atakapoambiwa, "Ondoka, msitu huu una thamani kubwa," atajibu kwa hesabu ipi, kama daftari hajawahi kulisoma? Setilaiti inaona ukijani. Haijui nani anaokota kaa chini yake. Anayejua hakualikwa, na akialikwa hataelewa kinachosemwa.

Na sisi tunaojiita waandishi chipukizi? Mimi niliishia kidato cha nne na ndoto yangu ni riwaya. Lakini soma kazi zetu: mti ni "mti", ndege ni "ndege", kisha mapenzi kurasa mia. Tukiyaacha majina yafe, tusilalamike wengine wakituandikia orodha ya mali yetu.

Nadai hivi: kila mafunzo yaache kijitabu cha Kiswahili, na majedwali yasomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla hayajapelekwa wizarani. Wakisema hawana wa kuandika, tupo. Tuiteni.