Ukienda Idjwi, hesabu majile kwanza

Kila mwaka Noeli ikikaribia, watu wa Goma wenye asili ya Idjwi wanaanza kuulizana: unavuka lini? Wengine hawana hata ndugu kule, wanataka tu kupumua siku mbili tatu mbali na vumbi la volkano na kelele za moto. Wanatuomba mashauri. Sisi tumekwisha kuvuka mara nyingi, kwa boti za kila namna, basi tuseme tunayoyajua. Ila tutaanza na lile ambalo vitabu vya watalii vinaliweka mwisho, kwa herufi ndogo.

Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya bandari ya Kituku. Ilikuwa imefika karibu kabisa, watu wa ng'ambo wameanza kuitafuta mizigo yao kwa macho. Ndani mulikuwa wamama wa soko, wanafunzi, watoto. Barabara ya Sake na Minova ilikuwa imefungwa na vita tangu mwanzo wa mwaka, kwa hiyo ziwa ndilo lililobaki kuwa barabara. Siku zilizofuata tulisikia hesabu za wafu tofauti tofauti, hii kubwa, ile ndogo, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema kwa hakika watu wangapi walikuwa wamepanda. Familia zilizunguka na picha mkononi.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa 4 mwaka 2019 boti iliyotoka hapa Goma ilizama upande wa Kalehe, watu zaidi ya mia moja wakapotea. Rais Tshisekedi alikuja mwenyewe, akaagiza kila msafiri wa ziwa avae jile. Sasa ni miaka mitano na zaidi. Ndugu msomaji, nenda bandarini asubuhi moja, usimame pembeni, uhesabu.

Kwa hiyo shauri letu kwa mgeni wa Idjwi ni hili: fika mapema, na kabla ya kulipa tikiti angalia. Boti imekaa namna gani kwenye maji? Mizigo iko chini au imepangwa juu, magunia juu ya magunia, na watu juu ya magunia? Majile yako wapi? Tusikubali jibu la "iko ndani." Ndani wapi? Jile lililofungiwa kwenye chumba cha nahodha halijaokoa mtu. Ulivae tangu bandarini, hata kama kijana wa karibu yako anacheka. Hakikisha jina lako limeandikwa, na umwachie mtu wa nyumbani jina la boti na saa uliyoondoka. Tena usivuke usiku. Asubuhi ziwa linatulia. Kuanzia mchana upepo unaweza kuinuka, na Kivu si bwawa, ni maji yenye kina cha zaidi ya mita mia nne.

Tunajua watatujibu nini. "Mupande tu, nafasi iko!" Na yule mama mwenye ndizi zake atatuambia kwamba akingojea boti nyingine soko linamupita, ndizi zinaiva, watoto hawali. Ana haki. Ndiyo maana tunaona ni makosa kumlaumu yeye, kama wengi walivyofanya mwezi wa 10 mwaka 2024, eti "watu wa ziwa hawasikii." Mwenye uwezo wa kukataa ni yule anayekwenda kupumzika, anayeweza kulala Goma siku moja zaidi bila kupoteza kitu. Basi huyo akatae, kwa sauti, mbele ya wengine. Abiria kumi wakishuka pamoja, mwenye boti atafikiri.

Banasema pia kwamba majile yatapandisha bei ya tikiti. Hapo hatukubaliani hata kidogo. Kila bandari ina meza zake, na kila meza ina kodi yake na kikaratasi chake. Wamama wanalipa kabla ya kupanda, wanalipa tena baada ya kushuka. Feza hizo zingenunua majile ya ziwa lote. Na huyo anayekaa kwenye meza kukusanya, anashindwaje kuhesabu vichwa wakati anajua kuhesabu franka?

Haya, tuseme umefika salama. Idjwi ni kisiwa kikubwa kweli, kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika kinatanguliwa na Ukerewe ya Tanzania tu. Ni teritware ya Kivu ya Kusini, lakini watu wa kaskazini yake wanauza na kununua Goma zaidi. Kuna shefferi mbili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Makao makuu ya teritware ni Bugarula. Mgeni apitie kwa wakuu kwanza, ajitambulishe na karatasi zake, hasa kama ni mtu wa nchi nyingine, maana watamtafuta tu. Asipige picha bandarini.

Beba feza taslimu, noti ndogo ndogo, na dola zisizo na tundu wala alama, kwani noti iliyochanika kidogo haina mtu. Simu uichaji Goma kabla ya kuondoka, kwa sababu kule mwangaza ni wa pano za jua, kwa wenye nazo. Beba dawa zako, za malaria kwanza, na mustikere. Beba koti la mvua. Viatu vizuri kuliko nguo nzuri: njia ni za mlima na matope, na moto haifiki kila mahali.

Chakula hakisumbui. Mananasi ya Idjwi hayana mfano, usituambie habari ya mengine. Sambaza zinatoka majini alfajiri, wavuvi wakirudi wanaimba, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu kama pembe. Kasiksi utapewa, kunywa kidogo, inaanza kwa upole. Na kahawa. Uliza habari ya kahawa kwa wazee, watakuambia jinsi miaka mingi ilivushwa usiku kwa mitumbwi mpaka Rwanda, kwa kuwa huku bei ilikuwa hasara, na wanaume wengi hawakurudi. Kule wajane wa ziwa wako tangu zamani, kabla hata ya MV Merdi.

Mpaka wa majini, upande wa mashariki, hauonekani. Wavuvi wengi wamekwisha kukamatwa kwa kuuvuka. Ukitaka kutembea kwa mtumbwi, uende na mtu wa kule, asubuhi, na umwache yeye aongoze.

Jambo moja linatuudhi kwa wageni wetu wa Goma, tuliseme. Wanafika wanasema "oh, hapa kuna amani!", wanapiga picha watoto, wanarudi. Ni kweli kwa miaka mingi kisiwa hakikuona mapigano kama tuliyoyaona nchi kavu, na mwaka 1994 kilipokea wakimbizi wengi kutoka Rwanda. Lakini mama akipata shida ya uzazi usiku, amani hiyo haimvushi. Wambuti wanaokaa kandokando, bila shamba la kulima, amani hiyo hawaili. Basi ukienda, nunua nanasi kwa bei yake bila kubishana sana, lala kwa mwenyeji, lipa mtu wa kukuonyesha njia.

Siku ya kurudi uliza saa ya boti tangu jana yake. Wakikuambia itaondoka jioni, na unaona gatini magunia ya makala na muhogo yanaongezeka tu, wapigie simu watu wa nyumbani kwamba utafika kesho.