Ngoja Baiskeli Ipite

"Ngojeni kwanza baiskeli ipite," alituambia mwalimu, nasi sote tukashusha kamera zetu. Ilikuwa asubuhi, ukingoni mwa msitu wa Pugu, wilayani Kisarawe. Mtu mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa alitupita akihema, akatuamkia, akatokomea kwenye kona kuelekea Dar es Salaam. "Haya, pigeni sasa." Tukapiga. Picha zangu zilitoka safi kabisa: ukungu, majani, miale ya jua. Nazo zilikuwa za uongo.

Ndugu msomaji, sina ugomvi na ufundi wa mwalimu yule. Alitufundisha, sisi tunaopiga picha kwa kupenda tu, kusoma mwanga na kumsubiri ndege bila kumbughudhi. Ada niliyolipa siijutii. Ugomvi wangu ni na somo lile moja, ambalo nimelisikia kwa walimu wengine pia: kwamba maumbile ni mahali asipokuwapo binadamu, na kwamba kisiki, gunia na moshi ni uchafu wa kuondolewa pichani.

Pugu na jirani yake Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani. Humo anaishi komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku ambaye wataalamu walimtambua kuwa spishi ya peke yake katika miaka ya 1990, na sasa yumo hatarini kutoweka. Humo pia, jua likizama, popo humiminika kwa maelfu kutoka katika mapango yaliyobaki baada ya uchimbaji wa udongo mweupe wa kaolini. Lakini tembea katika msitu wa Ruvu Kusini, unaogusa Kibaha na Kisarawe, utakuta pia duara jeusi lisiloota kitu. Hapo palikuwa na tanuri: magogo yalipangwa, yakafunikwa majani na udongo, yakaachwa yaungue polepole kwa siku kadhaa. Je, duara hilo si sehemu ya msitu? Mbona halina somo lake?

Najua jibu lao. Watasema mwanafunzi amelipa ajifunze uzuri, si siasa. La hasha! Mmarekani Ansel Adams, ambaye naye alifundisha upigaji picha huko Yosemite, alibeba picha zake za milima ya Sierra Nevada hadi Washington mwaka 1936 kuwashawishi wabunge. Mwaka 1940 Kings Canyon ikawa Hifadhi ya Taifa. Uzuri ule ulikuwa na kazi ya kufanya. Uzuri tunaofundishwa sisi kazi yake ni kutuliza roho, tuamini kwamba msitu upo salama. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Wala simtupii lawama mwenye baiskeli. Siku ile niliporudi nyumbani nilikuta maharage yanachemka juu ya jiko la mkaa. Gunia lile lilikuwa likija kwangu! Mwalimu alipomwondoa mtu yule pichani, aliniondoa na mimi.

Kwa hiyo nawaomba wataalamu wetu: katika kila semina ya siku mbili, nusu siku iwe ya tanuri na visiki. Wafundisheni wanafunzi kumsalimu mchoma mkaa, kumwomba ruhusa, na kutoonyesha sura yake asipotaka, maana picha yaweza kumtia matatani mtu anayetafuta ugali wa watoto. Na vijana wa Kisarawe na Kibaha wapewe nafasi bila ada, kwani msitu huo wanaujua kuliko sisi tunaoingia na kutoka.

Ile picha ninayoitamani leo sinayo. Mtu yule alituamkia, na sidhani kama kuna aliyemwitikia. Tulikuwa tunangoja apite.