Aliyetibiwa Uraibu Asifungiwe Mlango wa Bima

Katika barabara ipandayo kutoka Mto wa Mbu kuelekea lango la Ngorongoro, msafiri akishaukwea ukuta wa Bonde la Ufa na kuliacha Ziwa Manyara chini nyuma yake, hupokewa na mashamba ya ngano, mahindi na mbaazi ya Rhotia, na udongo wake mwekundu ambao wakati wa masika hunata kwenye magurudumu hata gari likakataa kwenda mbele wala nyuma. Vijana wa hapa, wengi wao Wairaqw, ambao baba zao waliishi kwa jembe na ng'ombe, leo huishi pia kwa wageni: ni madereva wa watalii, wapishi, watunza bustani na walinzi wa hoteli na kambi zilizotapakaa kutoka hapa mpaka Karatu mjini. Kazi hizo zimeleta fedha, na pamoja na fedha zimeleta karatasi ambazo wazazi wao hawakuzijua, yaani mkataba wa ajira, mkopo wa benki na hati ya bima. Nakusudia kusema juu ya karatasi hii ya mwisho, na hasa juu ya swali moja lililomo ndani yake, kwa kuwa naamini kwamba swali hilo, kwa namna linavyoulizwa, linawadhulumu watu ambao walistahili kushikwa mkono.

Fomu ya kuomba bima ya maisha, na kadhalika ile ya bima ya afya ya kampuni binafsi, aghalabu humtaka mwombaji aeleze kama amewahi wakati wowote kutibiwa, au kupewa nasaha na tabibu, kwa sababu ya ulevi wa pombe au matumizi ya dawa za kulevya. Mbele ya swali kuna visanduku viwili, cha ndiyo na cha hapana. Na mwisho wa fomu, kwa herufi ndogo ambazo watu wengi hawazisomi, kuna kifungu ambacho mwombaji akikitia saini huwa ameiruhusu hospitali yoyote iliyowahi kumtibu itoe habari zake. Anayejibu ndiyo huweza kutakiwa alete maelezo ya daktari, huweza kutozwa ada kubwa kuliko wenziwe, huweza kuambiwa asubiri miaka kadhaa, na huweza kukataliwa moja kwa moja. Anayejibu hapana hupita.

Hebu tuwafikirie vijana wawili, wa kubuni kwa nafsi zao lakini si kwa hali zao, kwani hakuna kijiji kisichowajua walio mfano wao. Mmoja ni wa Kilimatembo, dereva, aliyezoea viroba kabla Serikali haijavipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017, na viroba vilipotoweka madukani akahamia gongo. Akapoteza kazi, akamtesa mkewe kwa maneno na kwa mikono, mpaka siku ndugu zake walipomketisha na kumpeleka kwa tabibu. Akatibiwa, akakaa miezi kadhaa katika nyumba ya upataji nafuu, akarudi nyumbani, akarudiana na mkewe, na sasa ni mwaka wa saba hajagusa tone. Wa pili ni wa Rhotia Kati, naye hunywa kila jioni hata leo. Hajakanyaga mlango wa tabibu kwa ajili ya pombe yake, maana hakubali kwamba ina madhara. Siku wote wawili wanapoomba bima, wa kwanza, akiwa mkweli, hana budi kutia alama kwenye ndiyo. Na wa pili, akiwa mkweli vile vile, hutia alama kwenye hapana. Huyu wa pili ataulizwa pia hunywa kadiri gani, naye ataandika kuwa hunywa kwa kiasi, kama anavyojiaminisha mwenyewe. Basi aliyepona ndiye atakayeongezewa ada au kukataliwa, na mgonjwa ndiye atakayepewa hati. Fomu haikupima maradhi ya mtu. Imepima matibabu yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nao walimkusudia mgonjwa ajitokeze mapema, kabla maradhi hayajamtangaza yenyewe. Swali hili linafundisha kinyume cha hekima hiyo. Kijana anayesikia kwamba mwenzake alinyimwa bima, na kwa kukosa bima akakosa mkopo wa kununulia gari la kazi, kwa sababu tu jina lake liliwahi kuandikwa katika daftari la hospitali, atajiuliza mara mbili kabla hajaingia hospitalini. Na mwenye uraibu, ambaye kila siku hutafuta udhuru wa kuahirisha tiba, huwa amepewa udhuru mzuri kuliko yote. Au ataingia, atatibiwa, kisha siku ya fomu atasema uongo. Na hapo kuumbuka huwapata wasio na hatia. Mtu akifa, warithi wake wakapeleka madai, kampuni huweza kuomba majalada ya hospitali. Ikikuta matibabu yaliyofichwa, hudai kwamba mkataba ulikuwa batili tangu siku uliposainiwa. Mjane aliyekuwa akitegemea fedha hizo kusomesha watoto huambiwa, akiwa bado katika eda au katika matanga, kwamba mumewe alighushi. Kwa hiyo namsihi kila asomaye maneno haya asidanganye kwenye fomu hata kidogo, maana gharama ya uongo huo hailipwi na yeye bali na watoto wake. Lakini mtu akiambiwa aseme kweli, ni haki kweli hiyo isigeuzwe rungu la kumpigia.

Sitaki kuwaonea wenye kampuni, kwani hoja yao ni ya kale na ina uzito. Mwaka 1766, katika kesi ya Carter na Boehm iliyohusu ngome ya Waingereza katika kisiwa cha Sumatra, Jaji Mansfield wa Uingereza alieleza kwamba anayekata bima ndiye mwenye kujua habari za hatari yake, na mwenye kampuni hujua kile tu anachoambiwa. Kwa hiyo pande zote mbili hufungwa na uaminifu wa hali ya juu, na mwenye kuficha jambo kubwa huvunja mkataba. Kanuni hiyo ilitufikia kwa njia ya sheria za Kiingereza zilizopokewa Tanganyika mwaka 1920, na ndiyo inayosimama nyuma ya kila fomu ya bima nchini. Fedha za mfuko ni amana ya wanachama wote, na kama walio karibu na kifo wangeingia kwa siri na kwa wingi, wengine wangelipa hasara. Tena ni kweli kwamba uraibu ni maradhi yenye kurudi. Mtu aliyeacha pombe mwezi uliopita hayumo katika salama aliyomo mtu aliyeiacha miaka kumi. Haya nayakubali. Lakini hoja hii hii ndiyo inayolihukumu swali lenyewe, kwa sababu hatari ya kurudi hupungua kadiri miaka inavyopita, ilhali swali lisilo na mpaka wa miaka humweka wa mwezi mmoja na wa miaka ishirini katika kisanduku kimoja.

Waingereza wenyewe wameirekebisha kanuni yao. Kwa sheria yao ya mwaka 2012, raia wa kawaida anayekata bima halazimiki tena kukisia ni mambo gani kampuni ingependa kuyajua. Wajibu wake ni kuyajibu kwa uangalifu maswali aliyoulizwa, na kampuni ndiyo yenye dhima ya kuuliza vizuri. Wafaransa wamekwenda mbali zaidi. Kwa sheria ya mwaka 2022 iitwayo Lemoine, mtu aliyepona saratani au homa ya ini aina ya C, ikipita miaka mitano tangu tiba yake ilipokwisha bila maradhi kurudi, halazimiki kuitaja anapoomba bima ya mkopo. Huitwa haki ya kusahauliwa, na kampuni za bima za huko hazikufilisika kwa ajili yake. Naitamani haki hiyo ivuke bahari. Homa ya ini aina ya C, wajuao hali za Dar es Salaam na Unguja watakubaliana nami, ni maradhi yanayowapata sana waliojidunga heroini. Na kama Mfaransa aliyepona homa hiyo anaweza kusahauliwa, sioni kwa nini Mtanzania aliyepona uraibu wenyewe aandamwe mpaka kaburini.

Wala hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano. Jirani zetu wa Kenya, katika sheria yao ya UKIMWI ya mwaka 2006, walikataza mtu kulazimishwa kupima au kutaja hali yake ya VVU kwa ajili tu ya kupata mkopo, bima ya matibabu au bima ya maisha, wakaruhusu masharti maalumu kwa bima za viwango vikubwa peke yake. Wakati ule wako waliosema kwamba biashara ya bima isingeweza kustahimili jambo hilo. Imestahimili, kwa sababu dawa za kufubaza virusi ziliigeuza hukumu ya kifo kuwa maradhi ya kuishi nayo, na sheria ikakubali kuufuata ukweli wa utabibu.

Kwa upande wa uraibu ukweli wa utabibu upo, na Serikali yetu yenyewe imekwisha kuukiri. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwatibu watumiaji wa heroini kwa methadoni, dawa ya maji ambayo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, na tangu hapo huduma hiyo imeenea katika mikoa mingine. Mtu anayeamka kila alfajiri, akapanda daladala, akapanga foleni, akanywa dawa yake na kwenda kazini, mwaka baada ya mwaka, ameonyesha subira na nidhamu ambazo wengi wetu tusingeziweza. Taifa linalomlipia dawa hiyo kwa mkono mmoja lisikubali anyang'anywe matunda yake kwa mkono wa pili.

Katika bima ya afya matumaini ni makubwa zaidi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe mwanachama wa skimu ya bima ya afya, na mahali ambapo wote wanaingia, wazima kwa wagonjwa, hofu ya wagonjwa kuingia kwa siri haina msingi tena. Linalobaki ni kitita cha mafao. Naomba wanaokipanga waandike kwa maneno yasiyo na utata kwamba tiba ya ulevi na ya uraibu wa dawa za kulevya imo, kuanzia siku za kwanza za mwili kutetemeka na kukosa usingizi mpaka nasaha za miezi inayofuata, kwa maana bima za binafsi huwa na desturi ya kuliweka kando kila gonjwa linalohusishwa na ulevi, kama kwamba mgonjwa alijichagulia. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola anayelazwa kwa ini lililoharibika hulipiwa akikaribia kufa; angelipiwa alipokuwa anaweza kuacha, gharama ingekuwa ndogo na baba angekuwa hai.

Liko pia suala la sitara. Tabibu anapojaza fomu ya madai ya bima huandika jina la maradhi au namba yake, na katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ambayo hospitali zetu zimeizoea, yaani toleo la kumi, namba kuanzia F10 mpaka F19 ni za pombe, dawa za kulevya na vilevi vingine kama tumbaku. Fomu hiyo hupita mikononi mwa watu wengi kabla haijalipwa, na katika miji midogo kama Karatu, ambako karani wa dirishani huenda akawa shemeji wa mwajiri wako, namba hiyo ni siri nyepesi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imezihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti zisizochukuliwa wala kutolewa ovyo bila ridhaa ya mwenyewe. Ridhaa itolewayo kwa herufi ndogo, na mtu ambaye asipotia saini hapati mkopo, ni ridhaa dhaifu mno, na Tume iliyoundwa kusimamia sheria hiyo ingefanya kazi njema kuitazama.

Kwa hiyo namwomba Kamishna wa Bima, ambaye Sheria ya Bima ya mwaka 2009 imempa usimamizi wa kampuni zote, aelekeze mambo matatu. Swali la matibabu ya uraibu liwe na mpaka wa miaka, nami napendekeza mitano, na baada ya hapo lisiulizwe. Ndani ya miaka hiyo mwombaji apewe nafasi ya kuleta ithibati ya tabibu wake kwamba yu katika nafuu, na ithibati hiyo ihesabiwe katika kukadiria ada. Na kila anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, kwa Kiswahili. Nawe msomaji wa Rhotia, au wa popote ulipo, uliyetibiwa ukapona na sasa unajaza fomu hiyo: jibu kweli, taja mwaka tiba ilipokwisha, ambatisha barua ya daktari, weka nakala ya kila ukurasa, wakikukatalia, dai sababu, na wakishakupa hati kisha wakazuka na mgogoro juu ya madai yako, peleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, kwani ofisi hiyo iliwekwa na sheria kwa ajili yako.