VYOMBO VIKUUKUU NA HAKI ZA WATU



Katika mji wetu wa Morogoro siku hizi hupita watu na mikokoteni wakinadi kuwa wananunua vyuma chakavu, mafriji mabovu na vitanda vilivyovunjika. Biashara hii kwa asili yake ni halali, tena ina kheri: nyumba hupata nafasi, mwuzaji hupata senti za unga, na kitu kilichokuwa kikioza uani humfaa mwingine. Lakini halali nayo ina mipaka, na twaona mipaka hiyo yavukwa kwa wepesi, kwa kuwa watu hudhani kitu kikuukuu hakina hukumu.

La kwanza, yapasa mtu ajiulize: Kitu hiki ni changu? Vijana wengine huchukua sufuria ya mama au bati la jirani wakalipima kwa kilo. Huo ni wizi, hata kama sufuria imetoboka. Naye anunuaye hali anajua ameshiriki.

Kubwa kuliko hilo ni vyombo vya marehemu. Sisi wa Milima ya Uluguru tumerithi desturi ya kuhesabu ukoo kwa upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito. Kumheshimu mjomba ni wema. Walakini kitanda cha mninga, kabati na cherehani ya marehemu si mali ya aliyesimamia mazishi. Sharia imekwisha kupanga: baada ya gharama za maziko hulipwa deni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wapewe mafungu yao. Mke ana thumuni, yaani sehemu moja katika nane, ikiwa marehemu ameacha mtoto. Na robo ikiwa hakuacha. Auzaye kabati kabla ya hayo ili apate wali wa arobaini, huenda amewalisha wageni mali ya yatima, na Suratun Nisaa imelionya jambo hilo kwa ukali mkubwa. Tena alichokuja nacho mjane, au alichonunua kwa mahari yake, si urithi kamwe, ni chake. Twashauri vyombo viandikwe mbele ya mashahidi wawili, vitiwe bei, viuzwe kwa ridhaa ya warithi waliobaleghe, na fungu la watoto liwekwe amana.

La pili ni aibu ya kitu. Wapo ambao mbao zao zikibunguliwa na wadudu, hujaza nta matunduni na kupaka vanishi. Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni Madina, akatia mkono katika fungu la nafaka, vidole vikakuta umajimaji. Mwenyewe akasema ni mvua. Naye Mtume akamwuliza kwa nini asiiweke juu watu wakaiona, akamkana mwenye kudanganya. Basi godoro likiwa na kunguni, au friji ikiwa haigandishi, semeni. Bei itapungua, lakini baraka itabaki.

La tatu ni sadaka. Suratul Baqara imetukataza kukusudia kutoa kibovu ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Kiti kisichokalika ukimpelekea maskini umemtupia takataka zako tu. Kitengeneze mguu kwanza, ndipo umpe.

Mwisho, fungueni madroo kabla ya kuuza. Kurasa za Msahafu zilizochakaa zisiende kufungia maandazi. Zizikwe mahali safi au zichomwe, kama Khalifa Othman alivyoamuru zichomwe nakala nyingine ili Kitabu kihifadhike. Na simu ya zamani ifutwe picha, kwani ndani yake mna sitara ya wake na mabinti zenu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutoshe kwa halali yake, na atuepushe na mali ya dhuluma, ingawa ni kijiko. Amin.