Mtoto wako si kinasa sauti: aya huingia kwa miguu na mikono

Wiki iliyopita tuliongea uji wa mtoto. Leo naongea jambo ninaloliona kliniki na kanisani pia. Naposti vipande vipande, tuvumiliane.

1/6
Nianze kwa kujishtaki mwenyewe. Mwanangu alikuwa na miaka 4, na watoto walikuwa wataitwa mbele kusema aya ya moyo. Siku tano nilimkalisha kwenye mkeka: "Sema tena. Tulia. Sema tena." Jumapili ilipofika akafungua mdomo, akaniangalia, akanyamaza. Nikamkazia macho mbele za watu. Nyumbani nikamchapa.

Jumapili iliyofuata akaamka analalamika tumbo. Mimi nesi, nikampima: homa hana, tumbo laini, hajaharisha. Alikuwa anaogopa kwenda kanisani. Na aliyemfundisha kuogopa ni mimi mama yake.

2/6
Siku chache baadaye nafua nje, namsikia anaruka kamba na wenzake. Anachoimba ni aya ileile, nzima, hajakosea hata neno, anakwenda na mapigo ya kamba. Nilikaa chini jamani. Maneno yalikuwemo siku zote. Mimi ndiye nilikuwa nimeuzuia mwili wake usisogee.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji kujishughulisha kwa mwili angalau dakika 180 kwa siku, na asikalishwe sehemu moja muda mrefu. Kwa hiyo ukimwona anajinyonganyonga kwenye mkeka, usiseme ana kichwa kigumu. Mwili wake unadai haki yake.

3/6
Kuna watakaosema, "Nesi, neno la Mungu si mchezo." Sawa. Hebu tufungue Biblia yenyewe. Kumbukumbu la Torati 31, Musa anaagizwa aandike wimbo na awafundishe Waisraeli, ili hata wajukuu wao wasiusahau. Kutoka 15, baada ya kuvuka bahari, Miriamu anachukua tari na wanawake wanamfuata wakicheza. Zaburi ya 119 kwa Kiebrania imepangwa kwa herufi 22 za alfabeti yao, aya nane kwa kila herufi, ambao ni mpangilio unaomsaidia mtu kukumbuka. Wale wazee walijua kichwa cha binadamu kinavyofanya kazi.

Na ukipita karibu na madrasa pale Ujiji, sikiliza. Watoto wanasoma kwa sauti yenye mapigo, mabega yanakwenda mbele na nyuma. Jirani zetu hilo wanalijua zamani. Sisi fimbo tumeitoa wapi?

4/6
Sasa vitendo. Chukua Zaburi ya 121. Ina aya 8 tu, na ni moja ya zaburi 15 zinazoitwa nyimbo za kupanda. Kwa mtoto wa Kagunga ni kama imeandikwa hapahapa: nyuma yetu milima, mbele yetu ziwa.

Aya inayotaja milima: mtoto anageukia milima yetu, ananyoosha mikono juu. Inayosema mguu hautateleza: anakanyaga chini kwa nguvu. Inayosema mlinzi hasinzii: anaweka viganja shavuni, kisha anatikisa kichwa "hapana!" Kivuli: mkono wa kulia juu ya kichwa. Jua na mwezi: anachora duara kubwa hewani, kisha mwezi mwembamba. Kutoka na kuingia: hatua mbele, hatua nyuma.

Tumia tuni yoyote anayoijua, hata ya kumbembeleza mdogo wake. Aya moja kwa wiki inatosha. Anza wewe, usimsubiri. Akikosea usimkatishe, rudia tu kwa usahihi ukiwa unacheza naye. Kama nyumbani mnaongea Kiha, mweleze maana kwa Kiha kwanza.

Muda huna? Imbeni mnaponawa mikono kwa sabuni, mpaka zipite sekunde 20. Sisi wa hapa hatuhitaji kuhubiriwa hilo. Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijaa ufukweni kwetu, kipindupindu kikaingia, MV Liemba ikawa inawabeba kwenda Kigoma mjini. Wimbo mmoja, faida mbili.

5/6
Tahadhari tatu.

Kwanza, tuni inaweza kumeza maneno. Mtoto anaimba vizuri kumbe anabwabwaja. Siku moja moja semeni taratibu bila wimbo, umuulize, "Mlinzi asiyesinzia ni nani?"

Pili, mtoto asiyefuata wimbo kabisa, asiyegeuka ukimwita kwa nyuma, au anayetoka usaha sikioni, mlete kituoni. Tunamwita mkaidi kumbe hasikii. Na mwenye ulemavu wa miguu asiachwe pembeni: macho, vidole na kichwa vinatosha.

Tatu, na hili ni zito. Hapa baba zao wanatoka jioni na taa kwenda kuvua dagaa, na si kila mwaka wote hurudi. Mtoto anayeimba kwamba mguu hautateleza, siku moja atakuuliza mbona baba wa rafiki yake hakurudi. Usimwambie nyamaza, wala usimwambie yule hakuwa na imani. Mwambie ukweli kwamba hata wewe unalia, na kwamba zaburi ni maneno ya kumshika Mungu wakati wa hofu. Aya si hirizi. Baba avae jaketi okozi, na mtoto aimbe.

6/6
Kwa nini nang'ang'ana na hili? Kwa sababu kuna usiku upepo unaamka ziwani, mabati yanapiga kelele, mwanaume yuko majini na wewe umekumbatia watoto gizani. Saa hiyo hakuna mwalimu wa Sunday School, hakuna zawadi ya daftari, hakuna anayehesabu makosa. Utakachokuwa nacho ni kile kilichoingia mwilini.

Mwaka huu upepo ulipoamka, mwanangu aliyekuwa anaogopa kanisa ndiye aliyeanza. Alikaa kitandani, akaweka viganja shavuni, akatikisa kichwa: hapana, hasinzii. Mdogo wake wa miaka 2, ambaye maneno hana, akatikisa cha kwake. Nikawafuata wote wawili.

Basi leo jioni weka fimbo juu ya dari, simama na mwanao mlangoni, muanze na milima. Kesho niambieni kwenye komenti amefika aya ya ngapi. Na kliniki msikose, kadi za watoto mje nazo.

Nesi wenu, Kagunga.